Familia ya wala watu wa Texas: maswali mnayotuuliza kila tukionyesha The Texas Chain Saw Massacre

Picha hii tunaiweka zaidi Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikishashika na hakuna anayetaka kukaa nje. Kila tangazo likibandikwa pale Mwanjelwa, simu ya kibanda inajaa maswali yale yale, ya watu wa hapa na wengine wa Mafinga, Tukuyu, hata Tunduma. Nimeyaweka pamoja. Ninayejibu ni mimi ninayekaa kwenye mashine, kwa hiyo maoni ni yangu. Jibu litakalotaja nani anakufa nimelitangulizia onyo.

Ni stori ya kweli? Mwanzoni wameandika kabisa kuwa ilitokea.

Hapana. Wameandika, na kuna sauti nzito inasoma maneno hayo (msomaji ni John Larroquette, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji mkubwa wa televisheni), na wametaja mpaka tarehe: 18 Agosti 1973. Sasa piga hesabu. Picha yenyewe ilipigwa Julai na Agosti mwaka huohuo wa 1973, na stori ilikuwa imeshaandikwa kabla ya hapo. Watu gani wanaoigiza tukio ambalo siku yake haijafika?

Ulikuwa ujanja wa kibiashara, na ulifanya kazi. Mpaka leo kuna mtu anakuja dirishani kwangu ananiapia kuwa shemeji yake aliwahi kusoma habari hiyo gazetini. Tobe Hooper, aliyeiongoza na kuiandika pamoja na Kim Henkel, alikuwa na hoja nyingine juu ya hiyo ya biashara: kwa wakati ule, alisema, serikali ya Marekani ilikuwa inawadanganya wananchi wake kuhusu vita na siasa, naye akaona hakuna ubaya wa kuanza picha kwa uongo. Unaweza kukubali au kukataa. Mimi naona kile kiandishi cha mwanzo kimetisha watu wengi kuliko msumeno wenyewe.

Lakini nimesikia kuna mtu halisi, anaitwa Ed Gein.

Yupo, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Ed Gein aliishi peke yake shambani Plainfield, jimbo la Wisconsin, mbali sana na Texas. Alikamatwa Novemba 1957. Alikiri kuua wanawake 2, na alikuwa akifukua makaburi usiku na kutengeneza vitu kwa ngozi na mifupa ya maiti, pamoja na vinyago vya kuvaa usoni. Mahakama iliona ana ugonjwa wa akili, akakaa hospitalini mpaka alipofariki 1984.

Hakuwa na msumeno wa mnyororo. Hakuwa na kaka wala babu wa kushirikiana nao. Na habari ya kula watu haikuthibitishwa kwake. Kilichochukuliwa ni kinyago cha ngozi, samani za mifupa na nyumba iliyojaa uchafu, basi. Msumeno Hooper alisimulia kuwa aliupata dukani: alikuwa amebanwa na umati wa watu kwenye duka la vifaa vya ujenzi wakati wa manunuzi ya Krismasi, akaona misumeno imening'inizwa, akawaza namna ya haraka ya kujitengenezea njia ya kutokea.

Kwa kifupi inahusu nini?

Vijana 5 wako kwenye gari dogo, kama hiace. Sally na kaka yake Franklin, anayetumia kiti cha magurudumu, wamesikia kuna watu wanafukua makaburi huko alikozikwa babu yao, wanakwenda kuangalia kama lake liko salama. Njiani wanampa lifti jamaa mmoja, naye anajikata kiganja kwa kisu mbele yao kisha anamkata Franklin mkono. Wanamshusha. Wanafika kituo cha mafuta, mafuta hakuna, ila nyama choma ipo. Wanaenda kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wao, wawili wanasikia jenereta inanguruma nyumba ya jirani, wanakwenda kuomba petroli. Yanayofuata kaone.

Dakika 83 tu. Mtu anayelalamika kuwa muvi za siku hizi ni ndefu, hii ndiyo yake.

Mbona nimeangalia mpaka mwisho na sikuona mtu akila mtu?

Umeangalia vizuri kuliko wengi. Hawakuonyeshi sahani na kukwambia hii ni ya fulani. Wanakuonyesha soseji mezani, nyama inayofuka moshi kule kituoni, friza yenye kitu ndani, ndoano ya bucha, na mwenye kituo cha mafuta anayekuja kuonekana ni ndugu wa hao hao wauaji. Unajumlisha mwenyewe. Pale Franklin anapotafuna soseji za kituoni garini, ukiwa umeshawahi kuiona picha unajua anachotafuna. Ukiwa hujaiona unaona kijana mwenye njaa. Mimi huwa nageuka kuangalia watu ukumbini wakati huo. Wanaorudia kuiona wanajulikana kwa nyuso zao.

Kitu pekee unachoonyeshwa waziwazi ni babu wa wauaji akinyonya damu kwenye kidole cha Sally. Nalo ni fupi.

Hawa watu wana shida gani? Kwa nini wanaua?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na kwa bahati mbaya wanaoliuliza ni wachache.

Msikilize yule mwomba lifti garini, usihangaike na kisu chake. Anaongelea machinjio. Ukoo wao ni wa wachinjaji. Babu yao alisifika kwa kuua ng'ombe kwa nyundo, pigo moja la kichwa. Kisha kiwanda kikaleta bunduki ya hewa ya kuzimishia ng'ombe, na wenye nyundo wakabaki bila kazi. Jamaa anasikitika kabisa. Anaona njia ya zamani ilikuwa bora. Anatoa na picha za ng'ombe waliochinjwa kuwaonyesha wenzake kwa fahari, mtu mwingine angetoa picha za watoto wake.

Kwa hiyo unayoiona ni familia ya mafundi ambao ufundi wao hautakiwi tena, wakabaki na nyundo, ndoano, friza na jiko la kuchomea. Hawakuacha kazi. Walibadilisha mfugo. Na ukiwatazama kwa jicho hilo utaona mambo ya ajabu: wanachapa kazi, wana mgawanyo wa majukumu. Mkubwa anauza na kupika, na anasema wazi kuwa yeye hapendi kuua. Wa kati anazurura. Wa kinyago, yaani Leatherface mwenye msumeno, anachinja, anapika, analinda nyumba. Mzee wa kituo anapogundua mlango umekatwakatwa kwa msumeno, hasira yake yote inakwenda kwenye mlango: hivi huna adabu na nyumba yako? Ukumbi mzima hucheka hapo, halafu kicheko kinakatika, kwa sababu msichana amefungwa kwenye gunia pembeni.

Halafu babu. Ameletwa kutoka ghorofani amebebwa na kiti chake, hawezi hata kushika nyundo, inamponyoka kila wakati. Lakini wajukuu wanataka yeye ndiye aue, kwa heshima. Mzee kwanza. Hakuna kitu kinachonisumbua katika picha hii kama hicho. Heshima kwa wakubwa, kula pamoja, kumsaidia asiyejiweza: yote ambayo sisi tumefundishwa kuwa ndiyo utu yamo mezani pale, na yamekaa vizuri, na kilichokosekana ni kitu kimoja tu.

Ina damu nyingi? Nina moyo mwepesi.

Kidogo kuliko utakavyokumbuka. Hooper alizuia damu makusudi, akitumaini kupata daraja la umri la chini ili watu wengi waruhusiwe kuingia. Hakulipata, waliona sauti na hali yenyewe inatosha kuwa ya watu wazima. Yule dada mwingine wa garini anapotundikwa kwenye ndoano, kwa mfano, huoni ndoano ikiingia. Unaona uso wake, unaona beseni chini. Kesho yake utabishana na mwenzako kuwa uliona mgongo ukichanika. Hukuona.

Kama moyo wako ni mwepesi kweli, kinachoumiza ni kelele. Hakuna wimbo wa kukuliwaza. Hooper na Wayne Bell walijitengenezea milio ya vyuma na matoazi, na juu yake kuna jenereta, msumeno, na Marilyn Burns, aliyeigiza Sally, anayepiga mayowe karibu nusu saa nzima. Kaa mbali na spika.

Niko Mafinga, nafanya kazi msituni. Chenso inakata mtu kirahisi namna hiyo?

Salamu kwenu Sao Hill. Wewe utakuwa unajua zaidi yangu. Onyo: nataja vifo.

Katika picha yenye msumeno kwenye jina lake, anayeuawa kwa msumeno ni mtu 1 tu, Franklin. Kirk na Jerry, wenzake wa garini, wamepigwa nyundo, mtindo wa machinjio uleule. Mwomba lifti amegongwa na lori. Na mwenye msumeno anajikata paja mwenyewe akianguka, jambo ambalo wapasua mbao wote niliokaa nao ukumbini wamesema ndilo pekee la kweli. Ile ya paja waliitengeneza kwa kumfunga Gunnar Hansen, aliyemwigiza mwenye msumeno, bamba la chuma mguuni, juu yake kipande cha nyama na mfuko wa damu bandia, kisha msumeno ukapitishwa. Bamba lilipata moto.

Kukimbia usiku porini na msumeno unaounguruma, huku umevaa kinyago kinachokuzuia kuona pembeni, Hansen alifanya mwenyewe. Mtu wa usalama kazini asiangalie sehemu hiyo.

Huyo Leatherface ni zimwi, ni mgonjwa, au ni nini?

Ni mtoto mkubwa anayeogopa. Mtazame baada ya kumuua Jerry: anakimbilia dirishani, anakaa, anashika kichwa, hajui hawa watu wanaoingia nyumbani kwake wanatoka wapi na watakuja wangapi. Kwake yeye wavamizi ni wao. Na kweli, waliingia bila hodi ya maana.

Hansen alizaliwa Reykjavik, Iceland, akakulia Marekani; alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1.9. Kujiandaa alikwenda kuangalia watu wenye ulemavu wa akili kwenye kituo chao, akachukua namna wanavyotembea na kusema. Leo tungemuuliza maswali juu ya hilo, na tungekuwa na haki. Vinyago vyake ni 3: cha kuulia, cha bibi wa jikoni anachovaa na aproni, na cha mwanamke aliyejipodoa anachovalia suti wakati wa chakula cha usiku. Hansen alikuwa akieleza kuwa chini ya kinyago hakuna mtu, kinyago anachovaa ndicho kinachoamua leo yeye ni nani. Alifariki 2015.

Hivi hao si sawa na wachuna ngozi wa huku kwetu?

Swali hili huletwa kwa sauti ya chini, na huletwa na watu wenye umri wangu kwenda juu. Vijana hawajui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbeya na Mbozi kulikuwa na mauaji ya kweli ya watu waliochunwa ngozi, ngozi ikiuzwa kwa imani za kishirikina. Polisi walikamata watu, kesi zilifika mahakamani, na kuna familia zilizozika ndugu zao. Kwa hiyo hapana, sitayaweka kwenye mzani mmoja na picha ya Texas, na ukumbini kwangu mtu akianza kutania kwa habari hizo namwomba aache. Huwezi kujua aliyekaa kiti cha mbele ni nani.

Ninachoweza kukwambia ni kwa nini picha hii inatushika huku kuliko inavyowashika wageni. Sisi tuna mumiani na chinja-chinja tangu wakati wa mkoloni. Mabibi zetu waliogopa gari la wazimamoto, wakiamini linakusanya damu za watu usiku. Katika hadithi zote hizo hatari inatoka mjini, inakuja na gari, na mara nyingi ina sare ya serikali. Anayeliwa ni wa kijijini. Sasa hii ya Texas imegeuza kila kitu: wenye gari ni watoto wa mjini, wanaoliwa ni wao, na mla watu ni mkulima wa jirani aliyekaa kwake. Mmarekani anapoiangalia anaogopa shamba. Wazee wa Mbozi niliowahi kukaa nao walikuwa wanaogopa ile hiace. Mmoja aliniuliza, hawa watoto kwao hawakufundishwa kutoingia nyumba ya mtu?

Ukitaka ndugu yake wa karibu katika hadithi zetu, mtafute zimwi aliyemtia binti kwenye ngoma, akawa anazunguka naye kijiji kwa kijiji akimwimbisha ili apate chakula. Mzee wa kituo anamfunga Sally kwenye gunia, anamweka garini kwake, na njiani anampiga piga kwa kijiti huku anamwambia asihofu. Nilipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza niliisikia kabisa sauti ya bibi yangu.

Nasikia waigizaji waliumia kweli wakati wa kuipiga.

Waliteseka. Texas katikati ya kiangazi joto lilipita nyuzi 38, na ndani ya nyumba ile wamefunika madirisha kwa mapazia meusi ili mchana uwe usiku, taa kali zinawaka, hakuna hewa. Mtu wa Kyela ataelewa, mtu wa Uyole atafikiri natia chumvi. Robert Burns, aliyepamba nyumba, alijaza mifupa na mabaki ya wanyama wa kweli. Nyama ya mezani ilioza. Hansen alikuwa na nguo zake zile zile siku zote za kazi, hazikufuliwa kwa sababu waliogopa rangi ingebadilika, ikafika mahali hakuna anayetaka kula karibu naye.

Ile sehemu ya chakula cha usiku waliipiga kwa mkupuo mmoja wa zaidi ya saa 24. Sababu ilikuwa babu: John Dugan alikuwa kijana wa miaka ya 20 aliyebandikwa uso wa kizee, kazi ya saa nyingi, naye akasema hatarudia kubandikwa tena, kwa hiyo mumalize leo. Watu walikuwa wanatoka nje kutapika na kurudi. Kile kisu cha kumkata Sally kidole kilikuwa na kimrija cha damu bandia ambacho kiligoma kutoa. Hansen akachoka, akamkata Marilyn Burns kweli. Alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Kwa hiyo damu ile, na yule babu anainyonya, ilikuwa ya Marilyn mwenyewe.

Watu husema ndiyo maana picha ni kali. Labda. Lakini mimi nikiona sinema nzuri iliyopatikana kwa kumkata mwigizaji bila kumwambia, sioni cha kusifia hapo, na wenzetu wanaopiga muvi za Kibongo hapa Mbeya wasichukue hilo kuwa somo.

Walitajirika?

Wengi wao hapana. Bajeti haikufika dola 140,000, wakatumia kamera za milimita 16, ndiyo maana ina chengachenga unazozilalamikia ukidhani ni mashine yangu. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 30 Marekani peke yake. Waigizaji walikuwa wameahidiwa asilimia, kumbe asilimia ya fungu ambalo tayari limegawanywa, na kampuni iliyoisambaza, Bryanston, ilikuwa na wenyewe wenye uhusiano na genge la wahalifu la New York. Hundi zilizowafikia zilikuwa za kuchekesha. Kesi zikafuata, kampuni ikafa.

Kwani iliwahi kupigwa marufuku?

Nchi kadhaa. Uingereza bodi yao iliikataa 1975, na haikupata cheti kamili cha nchi nzima mpaka 1999, tena bila kukatwa hata kipande. Walipojaribu kuikata waligundua hakuna cha kukata: damu haipo, kinachotisha kimesambaa kila mahali. Na mwaka 2024 Marekani wakaiingiza kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge lao kwa umuhimu wake.

Kijana wangu, mwanangu wa darasa la sita anataka kuja na wenzake Jumamosi. Anasema umeruhusu.

Mama, shikamoo. Sijaruhusu. Ni ya miaka 18 na kuendelea, na akija namrudisha.

Ziko sehemu ngapi, na nianze na ipi?

Ziko 9 ukihesabu na hii. Anza na hii ya 1974 na ukiishia hapa hujapoteza. Ya 1986 aliiongoza Hooper mwenyewe, ni ya vichekesho vya damu, na humo ndimo familia inapata jina la Sawyer. Katika ya kwanza hawana jina la ukoo kabisa. Ya 2003 ni kurudia upya, imepigwa vizuri, picha safi, na nadhani usafi huo ndio uliomaliza uchungu wake. Kuna moja ya katikati ya miaka ya 1990 yenye Matthew McConaughey na Renée Zellweger kabla hawajawa majina. Iangalie kwa udaku tu. Ya 2022 iko Netflix, ina maiti nyingi na sikumbuki hata mmoja.

Steringi anapona? Niambie tu, sitaki presha.

Onyo, basi.

Steringi ni Sally, na anapona. Anaruka dirishani alfajiri, anakimbilia barabara kuu akiwa ametapakaa damu, na linatokea lori la mifugo. Hapa Mbeya sehemu hii ina wenyewe. Kibanda kiko hatua chache kutoka barabara ya TANZAM, nusu ya wateja wangu ni madereva na matingo wanaosubiri kwenda Tunduma, na dereva yule anaposhuka, akamwona mwenye msumeno, akamrushia spana ya bomba usoni, ukumbi husimama. Nimeshaambiwa na zaidi ya mmoja kuwa yeye asingeshuka, angepita. Wakabishana nje mpaka usiku: kusimama au kutosimama ukikuta mtu ana damu barabarani alfajiri. Ni mjadala mzuri kuliko nusu ya maswali haya.

Anayemwokoa hatimaye ni mwenye pikapu. Sally amekaa nyuma anacheka na kulia kwa pamoja, na mwenye msumeno amebaki katikati ya lami anazunguka nao jua likichomoza. Inakatwa hapo hapo. Mashine haijaharibika, msinipigie miluzi.

Nyumba ile bado ipo?

Ipo, imehamishwa. Ilikuwa Round Rock, ikang'olewa na kupelekwa Kingsland, Texas hukohuko, ikageuzwa mgahawa. Kituo cha mafuta nacho kipo Bastrop, na wanauza nyama choma. Sitanii.

Kuna ya DJ, ya Kiswahili?

Siiweki. Napenda picha za DJ kama wewe, lakini hii nusu yake ni ukimya na milio, na DJ akianza kumtania babu tumeshapoteza kila kitu. Maneno ni machache; yale ya machinjio garini nitakuelezea mimi kabla hatujaanza.

Nitaweza kula kitimoto baada ya hapo?

Guillermo del Toro, mwongozaji wa Meksiko, amesimulia kuwa baada ya kuiona aliacha nyama miaka kadhaa. Mama wa kitimoto aliye ng'ambo yangu amenilalamikia mara nyingi kuwa Jumamosi ya picha hii anauza ndizi tupu. Tumekubaliana tunaanza saa moja jioni, ili watu wale kwanza.

Kuna masharti gani ya kuingia?

Njoo na koti, ukumbi hauna dari. Simu zimya. Kiti cha mtu kisikaliwe akitoka kujisaidia, maana sehemu ya ndoano hutoa wengi. Na wale vijana wa Simike wanaojificha nyuma ya turubai kuwasha mlio wa chenso kwenye simu Sally anapopita gizani: mara ya mwisho mzee mmoja alimwaga chai ya moto kwenye ekstensheni tukakaa gizani. Nawajua kwa sura. Mwezi huu mnaingia kwa kulipa mara mbili au hamuingii.